Mtungi Mtupu Si Mtupu: Gesi ya Asetilini na Lugha ya Kumwonya Fundi

1.0 Utangulizi

Tahadhari kabla ya hatari, ndivyo walivyotuusia wahenga. Makala haya yanahusu tahadhari yenyewe: jinsi inavyoandikwa, jinsi inavyosomwa na yanayotokea pale mwandishi na msomaji wanapotumia neno moja kwa maana mbili. Uwanja tuliouchagua ni karakana ya kuchomelea vyuma, hususan gesi ya asetilini na mwenzake oksijeni, ambazo mafundi wengi wa jua kali huzitumia kila siku.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana shughuli gani na mitungi ya gesi? Jibu ni kwamba makala haya yamezaliwa na kosa la mwandishi mwenyewe. Nilipokuwa katika shahada ya kwanza, mjomba wangu, fundi wa kuchomelea mjini Nakuru, alinikabidhi karatasi ya maagizo ya usalama iliyoandikwa kwa Kiingereza. Akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiwe msomi wa Kiswahili. Tutilie haya katika lugha tunayoielewa." Nilifanya hivyo kwa fahari kubwa. Nikaandika mistari kumi kwa hati nzuri kwenye kadibodi, naye akaitundika ukutani.

Miezi miwili baadaye, mwanagenzi wake alichukua mpira wa oksijeni akapuliza vumbi lililokuwa kwenye ovaroli yake. Kisha akawasha tochi ya kuchomelea. Cheche moja ikamrukia mkononi, na mkono wa ovaroli ukawaka kana kwamba ulikuwa umechovywa katika petroli. Aliungua kuanzia kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Nilipokwenda kumjulia hali, nilimwuliza iwapo hakuisoma kadi. Alijibu, "Niliisoma, kaka. Uliandika hewa ya oksijeni. Nami nikajua hewa ni hewa, si ndiyo hii tunayoivuta?"

Sikuwa na la kumjibu. Sentensi yangu ilikuwa sahihi kisarufi: "Hewa ya oksijeni iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto." Mwalimu wangu wa tafsiri angeipa alama nzuri. Hata hivyo, haikumfikia yule aliyeandikiwa. Katika kurasa hizi nitaeleza kwanza sifa za gesi yenyewe, kwa kuwa hatuwezi kuonya juu ya tusichokijua. Baadaye nitachunguza maneno manne ya kawaida yanayoweza kumponza fundi, kisha sarufi ya maagizo, na mwishowe nitawasilisha kadi iliyoandikwa upya.

2.0 Asetilini ni Gesi ya Namna Gani?

Asetilini ni muungano wa kaboni na hidrojeni. Iligunduliwa mwaka 1836 na Edmund Davy, mkemia aliyekuwa akifanya kazi nchini Ireland. Haikupata matumizi mapana hadi mwaka 1892, pale Thomas Willson, mzaliwa wa Kanada, alipovumbua njia ya kutengeneza kabaidi ya kalsiamu kwa wingi katika tanuri la umeme. Kabaidi ni mawe ya rangi ya kijivu ambayo yakikutana na maji hutoa asetilini na kuacha chokaa. Kilo moja ya mawe hayo huweza kutoa takriban lita 300 za gesi. Hadi leo wapo mafundi wanaojitengenezea gesi kwa mapipa ya kabaidi na maji. Ni njia ya hatari kubwa, kwa sababu pipa la kujiundia aghalabu halina kipimo cha presha wala mlango wa kutolea gesi inapozidi.

Asetilini ikichanganywa na oksijeni hutoa mwali wa joto la zaidi ya nyuzi 3,000 za selsiasi, ilhali chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538. Hii ndiyo sababu ya fundi kuithamini.

Katika Kiswahili cha kila siku nchini Kenya, neno "gesi" likitajwa peke yake humaanisha gesi ya kupikia. Gesi hiyo ndiyo iliyolipuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024 mtaani Embakasi, Nairobi, ikaua watu kadhaa na kujeruhi zaidi ya 270. Kwa hiyo wengi wetu tunapofikiria hatari ya gesi, twafikiria hatari ya gesi ya kupikia. Asetilini hutofautiana nayo kwa mambo matatu makuu.

Kwanza, gesi ya kupikia huwaka ikiwa kiasi chake hewani ni kati ya takriban asilimia 2 na 10. Ikipungua au kuzidi hapo, haiwaki. Asetilini huwaka kuanzia asilimia 2.5 hadi takriban asilimia 80. Kwa maneno mengine, karibu kila mchanganyiko wake na hewa ni mchanganyiko wa kulipuka.

Pili, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni. Asetilini ni nyepesi kidogo kuliko hewa, nayo huweza kupanda na kujikusanya chini ya paa. Karakana yenye mlango wazi lakini isiyo na tundu la hewa juu bado huweza kuihifadhi.

Tatu, na hili ndilo lililo geni kwa wengi, asetilini haihitaji hewa ili ilipuke. Ikishindiliwa peke yake kupita takriban bari 1 juu ya presha ya kawaida ya hewa, huweza kuvunjikavunjika yenyewe kwa kishindo. Maadamu ndivyo ilivyo, haiwezi kusukumwa ndani ya chombo kilicho wazi kama zifanyiwavyo gesi nyingine. Ufumbuzi ulipatikana nchini Ufaransa mwaka 1897, pale Georges Claude na Albert Hess walipoonyesha kuwa gesi hii huweza kuyeyushwa katika kimiminika kiitwacho asetoni. Mtungi wa asetilini wa siku hizi umejazwa kitu chenye vinyweleo mithili ya sifongo, na sifongo hiyo imelowa asetoni iliyobeba gesi. Mtungi ukilazwa, asetoni huweza kutoka pamoja na gesi na kuingia kwenye regulata na mpira. Ndiyo sababu tunaambiwa mtungi usimame wima, na kwamba ukisafirishwa ukiwa umelala uachwe usimame kwa muda mrefu kabla ya kutumika.

Oksijeni kwa upande wake haiwaki. Kazi yake ni kukiwezesha kitu kingine kiwake, na kiwake kwa nguvu kuliko tulivyozoea. Mtungi wake uliojaa huwa na presha ya bari 150 hadi 200, ilhali gurudumu la gari dogo huhitaji takriban bari 2 tu. Mtungi huo ukianguka na kuvunjika valvu, huweza kuruka kama kombora na kupasua ukuta.

Isidhaniwe kwamba hatari hizi humpata mjinga tu. Gustaf Dalén, mhandisi wa Uswidi, alitumia maisha yake kutafuta njia salama za kuitumia asetilini katika minara ya kuongozea meli. Mwaka 1912 alipofuka katika mlipuko wa asetilini akifanya majaribio, na mwaka huohuo akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ikiwa bingwa wa gesi hii alipoteza macho, itakuwaje kwa mwanagenzi aliyetegemea kadi ya mwanafunzi wa lugha?

3.0 Whorf na Mapipa Matupu

Wasomaji wa jarida hili wanalifahamu jina la Benjamin Lee Whorf (1897–1941) kutokana na mihadhara ya isimu. Tunafundishwa kuwa alidai lugha huathiri namna wasemaji wake wanavyoufikiria ulimwengu. Aghalabu mjadala huishia kwenye lugha ya Wahopi na dhana ya wakati. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Whorf alisomea uhandisi wa kemia, na kwamba kuanzia mwaka 1919 aliajiriwa na kampuni ya bima ya moto mjini Hartford, Marekani. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vyanzo vya moto viwandani.

Katika makala aliyoyaandika mwaka 1939, yakachapishwa mwaka 1941, Whorf alieleza kwamba wafanyakazi walikuwa waangalifu mno karibu na mapipa yaliyojaa petroli. Walipofika palipowekwa mapipa yaliyoitwa matupu, walivuta sigara bila wasiwasi. Kumbe mapipa "matupu" ndiyo yaliyokuwa ya hatari zaidi, kwa sababu yalijaa mvuke wa petroli. Kwa mtazamo wake, neno "tupu" liliwapumbaza.

Wapo waliompinga. Wamesema kuwa wafanyakazi hawakudanganywa na neno bali na macho yao, kwani mvuke hauonekani, na mtu yeyote, awe msemaji wa lugha yoyote, akichungulia ndani ya pipa hilo angeliona halina kitu. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, kwa mwandishi wa tahadhari halipunguzi wajibu. Ikiwa macho humdanganya fundi, basi neno ndilo chombo pekee tulicho nacho cha kuyasahihisha macho hayo. Neno linaloafikiana na udanganyifu wa macho humwacha mahali palepale alipokuwa.

4.0 Maneno Manne ya Karakana

4.1 Tupu

Katika Kiswahili, "tupu" ina maana pana. Nyumba tupu haina watu, debe tupu halina kitu, na maji matupu ni maji yasiyochanganywa na chochote. Fundi asemapo "mtungi mtupu" humaanisha kuwa gesi haitoki tena kwa nguvu ya kumwezesha kufanya kazi. Huu ni ukweli kuhusu kazi, si kuhusu mtungi. Ndani ya mtungi huo asetoni ingali imo, na asetilini kiasi ingali imo. Valvu ikiachwa wazi, gesi iliyobaki hutoka taratibu, hasa jua likiupiga mtungi mchana, na hewa huweza kuingia ndani.

Hali ni hiyohiyo kwa mapipa ya zamani yanayokatwa ili kuunda majiko na masanduku. Pipa lililowahi kubeba petroli, thina au kemikali isiyojulikana halifai kukatwa kwa moto eti kwa sababu ni tupu. Lina mvuke, na mwali wa tochi ndio unaousubiri. Badala ya kuandika "mtungi mtupu", napendekeza tuandike "mtungi uliotumika", kisha tuongeze sentensi ya pili: "Bado una gesi."

4.2 Hewa

Hili ndilo neno lililomwunguza mwanagenzi. Kiswahili kimelitumia neno "hewa" kwa mapana: twavuta hewa, twajaza hewa kwenye gurudumu, na hata gesi inayotoka kwenye moshi twaiita hewa ukaa. Mtafsiri anapoandika "hewa ya oksijeni" huwa anadhani anamsaidia msomaji kwa kumpa neno alilolizoea. Kwa hakika anampa ruhusa. Hewa ni uhai, nani atakayeiogopa?

Hewa tunayoivuta ina oksijeni takriban asilimia 21. Ikizidi asilimia 23 hivi, mambo hubadilika. Nguo, nywele na mbao ambazo kwa kawaida huwaka polepole, huwaka ghafla na kwa kasi. Nguo iliyopulizwa oksijeni huihifadhi gesi hiyo katikati ya nyuzi zake kwa dakika kadhaa. Aliyepatwa na mkasa huo anapaswa kutoka nje, mbali na moto wowote, akae penye upepo kwa muda usiopungua dakika 15. Kwa hivyo oksijeni iitwe oksijeni. Jina geni lina faida yake: humfanya msomaji asite na kuuliza.

4.3 Mafuta

Karatasi ya Kiingereza ilikataza oili na grisi kwenye vifaa vya oksijeni. Nami nikaandika, "Usitumie mafuta." Siku niliyokwenda kuikagua kadi baada ya ajali, nilimkuta mjomba akipaka grisi kwenye nati ya regulata iliyokuwa ngumu kufunguka. Nikashtuka.

"Mjomba, mbona unapaka mafuta hapo? Si niliandika usitumie mafuta?"

"Mafuta gani, mpwa wangu? Petroli haiingii humu. Hii ni grisi."

Mjomba hakukosea. Katika Kiswahili twatia mafuta garini, twakaanga samaki kwa mafuta, twajipaka mafuta baada ya kuoga, na mgonjwa huombewa kwa kupakwa mafuta. Kila mmoja wetu huchagua maana kulingana na mazingira, na katika mazingira ya karakana mafuta ni petroli na dizeli. Grisi ina jina lake. Kumbe grisi ikikutana na oksijeni yenye presha kubwa, huweza kuwaka bila kiberiti na kulipua regulata usoni mwa anayeifungua. Hata mafuta ya kujipaka yaliyo mikononi yaweza kuleta balaa. Suluhisho si kutafuta neno moja la kijumla, bali ni kuorodhesha: grisi, oili, mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka.

4.4 Shaba

Asetilini ikikaa pamoja na shaba nyekundu kwa muda huunda kitu kigumu kinachoweza kulipuka kwa kuguswa au kugongwa tu. Kwa sababu hiyo, mrija wa shaba nyekundu hauruhusiwi kabisa kuunganisha mipira ya asetilini. Hata hivyo, viungo vingi halali vya regulata na tochi vimetengenezwa kwa brasi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na ambayo ikiwa na kiasi cha shaba kisichozidi kipimo kilichowekwa haina madhara hayo.

Tatizo ni kwamba Kiswahili huviita vyote viwili "shaba". Fundi akiambiwa asitumie shaba, hutazama regulata yake inayong'aa kwa rangi ya dhahabu, na kuona kuwa mtengenezaji mwenyewe ametumia shaba. Atahitimisha kuwa mwandishi wa kadi hajui anachokisema. Akishapuuza mstari mmoja, ataipuuza mistari yote. Hapa lugha inatudai maelezo: "shaba nyekundu, kama ya waya wa umeme".

5.0 Sarufi ya Onyo

Baada ya msamiati tutazame muundo. Kadi yangu ya kwanza ilisheheni vitenzi vya kutendwa vilivyo katika ukanushi: "Mtungi usilazwe," "Valvu isiachwe wazi," "Kiberiti kisitumiwe." Muundo huu una adabu na unafaa katika sheria. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, haumtaji mtendaji, na karakanani kila mtu humdhania mwenzake kuwa ndiye mtendaji. Pili, humweleza msomaji jambo la kuepuka bila kumweleza la kufanya. "Mtungi usilazwe" huweza kutekelezwa kwa kuuegemeza ukutani, nao ukaanguka. "Simamisha mtungi na uufungie ukutani kwa mnyororo" hutekelezwa kwa njia moja tu.

Aidha, wakati wa dharura mpangilio wa vitendo ndio uhai. Kiambishi cha masharti -ki- hutufaa sana hapa, kwa kuwa hutanguliza dalili kisha kikaleta kitendo: "Ukinusa harufu kama ya kitunguu saumu, zima moto." Asetilini ya viwandani hunuka hivyo kutokana na uchafu uliomo ndani yake, na harufu hiyo ni dalili ambayo fundi anaifahamu kwa pua kabla ya kuisoma.

Kuhusu istilahi, wanafunzi wa sayansi wamepewa neno "kanieneo", ambalo limeundwa kwa ustadi kutokana na kani na eneo. Ni neno zuri darasani. Kwenye kadi nilitumia "presha", kwa sababu ndilo neno ambalo geji ya fundi imemzoesha, na nikaambatisha tarakimu anayopaswa kuiona kwenye geji hiyo. Istilahi sanifu isiyofahamika mahali pa hatari ni sawa na kutoa onyo kwa kunong'ona.

Somo kubwa kuliko yote nilipewa na mjomba. Nilipomletea rasimu ya kadi ya pili, mstari wa kwanza ulisema, "Funga mtungi kabla ya kuondoka." Aliutazama kwa muda, kisha akauliza, "Niufunge kwa mnyororo au kwa spana?" Nilikuwa nimesoma sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi, na sikuwa nimegundua kwamba kitenzi "funga" huweza kumwelekeza mtu kwenye mambo mawili tofauti kabisa, ambayo yote mawili ni muhimu na hakuna linaloweza kuchukua nafasi ya jingine.

6.0 Kadi Iliyoandikwa Upya

Ifuatayo ni kadi iliyopo ukutani leo. Kabla ya kuitundika sikumwuliza mwanagenzi kama ameielewa, kwani anayeheshimu wakubwa atajibu ndiyo. Nilimsomea kila mstari nikamwomba aoneshe kwa mikono, mitungi ikiwa imefungwa. Palipo na kigugumizi cha mkono, niliandika upya.

1. Simamisha mitungi wima. Ifungie ukutani kwa mnyororo.

2. Mtungi wa asetilini uliosafirishwa ukiwa umelala: usimamishe leo, uutumie kesho.

3. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika regulata ya oksijeni. Grisi, oili, mafuta ya kupikia na mafuta ya kujipaka yasiiguse.

4. Oksijeni si hewa ya kupuliza. Usipulizie nguo, gurudumu, vumbi wala chumba chenye joto.

5. Usiunganishe mpira wa asetilini kwa mrija wa shaba nyekundu (kama ya waya wa umeme).

6. Fungua valvu ya asetilini polepole, isizidi mzunguko mmoja. Acha spana juu ya valvu. Presha ya kuelekea kwenye tochi isizidi bari 1.

7. Tafuta mahali panapovuja kwa maji ya sabuni. Usitumie kiberiti.

8. Ukinusa harufu kama ya kitunguu saumu: zima moto wote, kaza valvu kwa spana, fungua milango na madirisha, toka nje. Usiguse swichi ya umeme.

9. Gesi ikiisha: kaza valvu kwa spana. Mtungi bado una gesi. Uweke mbali na moto kama ule uliojaa.

10. Mtungi wa asetilini ukiunguzwa na moto au ukiwa na joto usilolijua chanzo chake: usiusogeze, usiufungue. Toa watu wote, waende mbali. Piga simu 999 au 112.

Mstari wa kumi unahitaji ufafanuzi. Fundi mwenye moyo hutaka kuuokoa mtungi kwa kuuburura nje. Asetilini iliyoanza kuvunjikavunjika ndani ya mtungi huendelea kutoa joto hata baada ya moto wa nje kuzimwa, na mtungi huweza kupasuka baadaye. Wazimamoto huupoza kwa maji kutoka mbali, wakiwa wamejikinga, na huweza kuwaondoa watu hadi umbali wa mita 200. Ushujaa hapa ni kuondoka. Vilevile, mistari hii kumi haiondoi haja ya kifaa cha kuzuia moto usirudi nyuma kupitia mipira. Kadi humwongoza mtu, lakini haizuii mwali.

7.0 Hitimisho

Katika karakana nyingi mtu huweza kusikia wakisema, "Ajali haina kinga." Methali hii ina hekima yake, hasa katika kumfariji aliyekwisha kupatwa. Ikitumiwa kabla ya ajali, hugeuka udhuru. Ajali ya mwanagenzi wetu ilikuwa na kinga. Kinga hiyo ilikuwa neno moja, nami ndiye niliyekabidhiwa kulichagua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi habari na mafunzo ya kulinda usalama wao. Habari isiyoeleweka si habari. Baina ya sheria hizi mbili pana pengo ambalo haliwezi kuzibwa na mkemia peke yake, kwa sababu hajui kwamba mafuta ni mengi na kwamba shaba ni mbili. Wala haliwezi kuzibwa na mwanaisimu peke yake, kwa sababu hajui kwamba mtungi ni sifongo.

Napendekeza kwa wanachama wa chama chetu kwamba kila mmoja, anaporudi nyumbani likizoni, atafute karakana moja, kinu kimoja cha kusaga au duka moja la pembejeo, aombe kusoma maonyo yaliyomo, na akae na wanaoyatumia hadi ajue wanayasoma vipi. Tumezoea kuuliza hadhira ya shairi ni nani. Swali hilohilo tuliulize mbele ya mtungi.

Mwanagenzi yule sasa ni fundi kamili. Kovu lake lingalipo, na anapompokea mwanagenzi mpya, humsimamisha mbele ya kadi, humwonyesha mstari wa nne, kisha humwonyesha mkono.